Kifaru cha Bwanaheri

Bi Mwantumu alishuka Kibiti siku ya Jumatano, kwenye gari la mpunga lililotoka Ruaruke, kashikwa mkono na binti wa jirani yake. Macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe. Mchana aliuona kama moshi, na watu kama vivuli ndani ya moshi huo. Kwapani alikuwa na kuku, miguu imefungwa kwa ukindu. Aliuliza njia mara moja tu.

"Kwa Latifu Kifaru ni wapi?"

Hakuna aliyekuwa hapajui. Banda la Abdulatifu lilikuwa kando ya barabara iendayo Lindi, hatua chache kutoka dukani kwa Abbasi. Mbele ya banda kulisimama milango na vitanda, kazi iliyomlisha. Nyuma, katika kabati la vioo alilolitengeneza mwenyewe, kulikuwa na kazi iliyompa jina: vifaru, ndege za kivita, magari ya deraya, vyote vya kuchukulika mkononi, vimechongwa kwa mti wa mkomafi, jamii ya mikoko, kutoka delta ya mto, na kupakwa rangi mpaka mtu akadhani vikiwekwa chini vitaondoka. Mizinga aliitengeneza kwa vipande vya eriali za redio mbovu. Minyororo ya vifaru aliikata kwenye kandambili zilizokwisha, jino kwa jino, kwa wembe. Vioo vya ndege vilitokana na chupa za plastiki alizozilainisha juu ya mkaa. Kila sentimita moja ya kwake ilikuwa sentimita ishirini za kitu chenyewe, na hakukubali kudanganya hata kwa upana wa ukucha.

Zamani, wakati rangi ilikuwa ya kuomba kwa kibali na bidhaa za dukani ni za foleni, kazi hii aliifanya kwa kujificha, maana mjumbe wa nyumba kumi angeweza kumuuliza anachora vyombo vya jeshi kwa ajili ya nani. Sasa ilikuwa mwaka tisini na tatu. Kila kitu kilikuwa ruksa. Duka la Abbasi lilikuwa na makopo ya rangi ya Dubai, ya kijani, ya manjano, nyeusi, madogo kwa makubwa, na Abbasi mwenyewe alikuwa akivichukua vifaru hivyo kwenda kuviuza Dar es Salaam kwenye maduka ya wageni. Vifaru vya plastiki vya ng'ambo vilikuwa tele huko mjini na bei yake ya kutupa. Lakini chini ya kila kifaru cha Abdulatifu, Abbasi alibandika karatasi aliyoipigisha taipu: Kimetengenezwa na askari aliyepigana ndani ya kifaru katika vita vya Kagera. Karatasi ile ndiyo iliyouza.

Abdulatifu alikuwa ameinamia bawa la ndege, brashi ya nywele za mbuzi mkononi, alipoisikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa."

Alimtambua kabla ya kuinua kichwa. "Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Sema tena, niisikie sauti. Haya, ndiye."

Alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa hakijapakwa vanishi. Mkewe, Sikujua, alikuwa upande wa pili wa ukuta, anashona sare za shule. Aliiacha cherehani akaja kumwamkia mgeni, akampokea kuku na kwenda kuteka maji ya kunywa. Wakaulizana hali za nyumbani, za mvua, za mpunga ulioliwa na nguruwe. Kisha Bi Mwantumu akazipanga kanga zake magotini.

"Nimekuja na haja, Latifu. Watu wanasema unachonga vyombo vya vita mpaka mtu akivitazama anangoja vingurume. Mimi kutazama kumenipita. Lakini mikono ninayo. Nichongee kifaru cha Bwanaheri."

Tone la rangi likaanguka juu ya bawa.

"Kile kile alichofia," akasema mama yule. "Si cha kufanana. Mwanangu amezikwa Kaboya na wenzake, mbali, sitafika. Basi nikishike kifaru chake nijue alikaa wapi. Na kifunguke, mwanangu. Nataka nitie kidole ndani."

"Nitakuchongea, mama," akasema Abdulatifu.

*

Ukweli ni kwamba Abdulatifu alikuwa hajapanda kifaru katika maisha yake.

Walikwenda vitani watatu kutoka Ruaruke, wote mgambo. Mmoja vita vilipokwisha alioa kule kule Bukoba na hakurudi tena pwani. Waliobaki walikuwa yeye na Bwanaheri, waliotahiriwa jando moja na kufanya kazi katika gari moja: Abdulatifu dereva wa lori la chama cha ushirika, la kubebea korosho, na Bwanaheri utingo wake. Jeshi lilipoona leseni ya mmoja na mabega ya mwingine likawapa lori vilevile, la unga na maharage. Walikuwa nyuma ya vita tangu mwanzo mpaka mwisho. Vifaru waliviona vikipita, Abdulatifu akivitazama kwa husuda, akihesabu magurudumu na kuyatia kichwani.

Bwanaheri alikufa mwezi wa Mei mwaka sabini na tisa, mji mkuu wa adui ukiwa umeshatekwa na watu wakiimba. Alikufa kwenye kona ya barabara ya changarawe, lori lilipopinduka. Aliyekuwa ameshika usukani ni Abdulatifu.

Aliporudi nyumbani, kabla ya kukanyaga kwake alikwenda kwanza kwa Bi Mwantumu, kama inavyopasa. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Barua ya jeshi ilikuwa imetangulia, yenye maneno machache: amefariki akiwa kazini. Mama akamwuliza mbele ya wote, "Mwanangu amekufaje?" Abdulatifu alifungua kinywa ili aseme lori. Jicho lake likaangukia mizigo yake mwenyewe pale kwenye kizingiti cha ua, na neno likageuka likiwa ulimini.

"Tulikuwa ndani ya kifaru," akasema.

Yaliyofuata yalijisema yenyewe. Bomu, moto, Bwanaheri akimsukuma yeye nje kwanza. Wanawake walilia, lakini kilio chao kilibadilika, kikawa na kitu kama fahari ndani yake, na Abdulatifu alipokisikia alijidanganya kwamba amewafanyia wema. Nani Ruaruke angejua kwamba mgambo hapandishwi kifaru? Alidhani amesema mara moja na yamekwisha. Hayakwisha. Aliitwa shuleni kusimulia. Aliitwa kwenye sherehe za kata. Ilibidi ajifunze vifaru kwa kutazama picha za magazeti ya zamani, asije akaulizwa akakwama, na katika kuvijifunza ndipo alipoanza kuvichonga, na katika kuvichonga ndipo alipopata jina. Miaka kumi na minne alikuwa akiitikia jina hilo, na kila alipoitwa kitu kilimchoma chini ya kitovu, kidogo tu, kama mwiba wa samaki uliokwama.

*

Kifaru cha Bwanaheri kilimchukua wiki tatu. Nje hakikumsumbua. Alichonga bodi kwa kipande kimoja cha mkomafi, akatoboa ekseli, akavalisha minyororo ya kandambili. Rangi ya kijani aliipunguza ukali kwa masizi ya kibatari na tone la manjano, kisha akasugua vumbi la tofali kwenye kingo za chini ili kionekane kimetoka njiani. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kuzifanya.

Alikwama ndani. Kichwa cha kifaru kilifunguka kwa bawaba ndogo ya bati, na chini yake palikuwa na shimo, na hakujua atie nini. Mtu huketi, husimama? Anaangalia wapi? Miguu huiweka wapi? Picha zake zote zilikuwa za nje. Alikaa na patasi mkononi asubuhi nzima, halafu akachonga alichoweza kukibuni: kijikalio cha duara, kishikio kimoja pembeni, ukuta laini. Yeye ambaye alikuwa akivunja bawa la ndege kwa kosa la nusu sentimita alikuwa anambunia mama mtu mahali alipofia mwanawe. Masikio yalimwaka moto akiwa peke yake bandani.

Sikujua alikuja kukitazama, akafuta mikono kwenye kanga kabla ya kukigusa. "Baba Iman," akasema taratibu, "sijawahi kukuona ukichonga kitu unakitazama kama kinakudai."

"Ni cha marehemu," akajibu, akakigeukia kisogo.

Bi Mwantumu aliamua kumsomea mwanawe hitima siku ya kukipokea. Abdulatifu alifika Ruaruke na boksi limefungwa nyuma ya baiskeli, akakuta mkeka umetandikwa, wali umeshapikwa, watu wamejaa mpaka nje ya ua. Baada ya dua, kifaru kikawekwa katikati ya mkeka. Mama akasogezwa. Alianza kwenye mzinga, akaufuata kwa ncha za vidole mpaka ulipoanzia, akashuka ubavuni, akahesabu magurudumu kwa sauti ndogo. Alipokifikia kifuniko akakiinua, akatia kidole cha shahada ndani, akakiacha humo.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo, mama."

"Padogo." Kidole kilikuwa kinazunguka kijikalio kile cha kubuni. "Alikuwa na miguu mirefu, maskini. Aliikunja?"

"Aliikunja."

Mwenyekiti wa kijiji, Shaabani, akamwomba Latifu awasimulie vijana ambao hawakuwapo. Angeweza kusema anaumwa kichwa. Angeweza kusema yaliyopita yamepita. Alisimama akasimulia, bomu na moto na kusukumwa, na kwa kuwa mama alikuwa bado na kidole ndani ya kifaru, na uso wake umemwelekea kama uso wa mtu anayeota moto wa jioni ya baridi, akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema miaka yote ile.

"Neno lake la mwisho alimwita mama yake."

Bi Mwantumu akashtuka. "Aliniita?"

"Alikuita, mama. Mara mbili."

Mama yule akaifunika midomo yake kwa kanga, mabega yakatikisika. Watu wakasema, Mungu amrehemu. Abdulatifu akapewa sinia la wali la kwanza pamoja na wazee, akalila, akasifiwa. Hakuaga vizuri. Alipanda baiskeli akaondoka akiwa bado na harufu ya ubani kwenye shati.

*

Alipofika Kibiti, Abbasi alikuwa anamngoja mlangoni, meno yote nje. Mwenye hoteli moja mjini alikuwa ametaka vifaru sita kwa mpigo, vya kupanga ukumbini, na juu yake alitaka picha ya fundi, amesimama, ikiwezekana amevaa kofia ya jeshi.

"Fundi, umetoka!" akasema Abbasi. "Picha tu, basi. Kofia nitaitafuta mimi."

"Nipe wiki moja," Abdulatifu akamjibu.

Wiki hiyo hakuchonga kifaru. Asubuhi ya kwanza alikaa mbele ya kipande cha mkomafi bila kujua anachotaka, na mkono wake ukaanza wenyewe. Pua fupi. Kibanda cha dereva chenye paa lililobonyea upande wa kulia, pale walipogonga tawi la mwembe kule Masaka. Mbao za ubavu, tisa kila upande, ya nne kutoka nyuma imepasuka. Hakutafuta picha hata moja. Hakupima mara mbili. Alikata kioo cha pembeni kwenye bati la dawa ya meno, kisha akakitia ufa, maana kilikuwa na ufa. Matairi aliyachonga kwenye soli ya kiatu. Akashona magunia kwa kitambaa cha gunia halisi, kila moja kubwa kama kidole gumba, akayatia unga wa sembe na kuyapanga kama walivyoyapanga siku ile, safu nne na nusu. Juu ya magunia akamketisha mtu. Alikuwa hajawahi kuchonga mtu. Alimchonga na miguu mirefu, imening'inia ubavuni, mkono mmoja umeshika kamba.

Kikabaki kiti cha pili, kile cha kando ya dereva.

Siku mbili alikizunguka. Alipaka rangi bodi, akapaka vumbi jekundu, akapaka hata boliti za magurudumu. Nyuma ya ukuta ilikuwa inasikika cherehani ya Sikujua, ile ya kuzungusha kwa mkono, kama ilivyosikika kila siku kwa miaka kumi na minne. Siku ya tatu akachukua kipande kidogo cha mpingo, akachonga kitu kisichozidi punje tatu za mahindi: shingo iliyopinda, gurudumu la pembeni, kishikio chake. Akachora maua ya dhahabu ubavuni kwa ncha ya sindano. Akakigundisha juu ya kiti cha pili.

Sikujua alikuja kumwita kwenye chakula. Alisimama nyuma yake.

"Lori la nani hili?"

"Letu. Mimi na Bwanaheri."

Mkewe akainama, akatazama ndani ya kibanda cha dereva, na alipoongea sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii si cherehani yangu?"

Akamweleza. Mara ya kwanza kumweleza mtu. Aliikuta katika duka lililovunjwa mlango, watu wamekwisha kuchukua vitambaa na kuiacha yenyewe kwa uzito wake. Akaitaka kwa ajili yake, mke wake mpya. Akaiweka kwenye kiti, kaifunika blanketi, akamwambia Bwanaheri apande juu. Bwanaheri alicheka, akamwita mpenda mke, akapanda. Na kwa kuwa zamu ya polisi wa jeshi kwenye kizuizi ilikuwa inabadilika saa kumi, na wa zamu ya kwanza alikuwa mtu wao asiyepekua, aliendesha mbio ili apite kabla. Kona ikamjia haraka. Lori lilipolala ubavu magunia yote yalishuka upande mmoja, na Bwanaheri alikuwa chini yake. Cherehani haikupata hata mkwaruzo, ikarudi naye katika mizigo ile ya kizingitini.

Sikujua alikaa chini kwenye takataka za randa.

"Nimemshonea yule mama nguo za Idd kwa cherehani hii," akasema. "Kila mwaka. Akija ananishika mikono na kunishukuru." Akaitazama mikono yenyewe. "Na wewe umeniacha nishone."

Hakumwita tena kwenye chakula. Alasiri ile nyuma ya ukuta cherehani haikusikika.

*

Alhamisi Abdulatifu alikwenda Ruaruke. Bi Mwantumu alikuwa peke yake ukumbini, anapepeta mchele kwa kuusikiliza zaidi ya kuuona. Alifurahi alipoisikia sauti.

"Umerudi upesi hivi, mwanangu? Heri?"

"Nimekuletea kingine, mama."

Alilitoa lori ndani ya boksi akaliweka kando ya paja lake. Vidole vikaanza safari. Vilipapasa pua, vikapanda juu ya paa, vikakuta pale palipobonyea vikatulia kidogo.

"Hiki si kifaru."

"Ni lori, mama. La unga na maharage. Hatukuwa na kifaru. Hatujapanda kifaru hata siku moja, mimi wala yeye."

Ungo ulikuwa bado uko magotini pake. Akausukuma pembeni bila haraka. Vidole vikaendelea, sasa polepole zaidi. Vikapita mbao moja moja, vikapanda kwenye magunia, vikamkuta mtu. Vikamshika miguu.

"Huyu ni yeye."

"Ndiye."

"Mbona yuko juu?" Mkono mwingine ukashuka ukaingia kwenye dirisha la kibanda. "Hapa ni pako, penye usukani. Na hapa pa pili? Hapa si ndipo anapokaa utingo?" Kidole kikakigusa kile kitu kidogo, kikakizunguka, kikakuta gurudumu, kikakuta kishikio. "Hiki nini?"

"Cherehani, mama."

Akasema yote. Hakuacha duka lile, hakuacha zamu ya saa kumi, hakuacha mwendo aliokwenda nao. Alisema huku akiyatazama macho yale meupe ambayo hayakumwona, na akatamani sana yangemwona, amalize. Bi Mwantumu hakumkatiza. Alipomaliza, mama yule aliuliza maswali yake taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuukagua.

"Alikufa pale pale?"

"Pale pale. Tulipoyatoa magunia alikuwa ameshakata roho."

"Na aliniita?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Kibiti. "Hakukuita, mama. Hakusema neno. Lile nililiongeza mimi."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Uso wa Bi Mwantumu haukulia. Ulikunjika tu, ukawa mdogo, kama kitambaa kilichokamuliwa. Baadaye aliinuka, akaupapasa ukuta mpaka chumbani, akarudi na kifaru kimeviringishwa ndani ya kanga.

"Nimelala nacho kifuani," akasema. "Tangu hitima mpaka jana. Nimetia kidole humu nikasema naam, mwanangu, nimekusikia." Akakisukuma mbele kwa mikono miwili. "Chukua kitu chako."

"Mama, nisa—"

"Usiseme hilo. Hilo sijaulizwa bado na Mungu, wewe usiniulize." Aliketi tena, akalivuta lori karibu na paja lake. "Hili liache. Waliokusikia siku ile, utawaambia lini?"

"Kesho. Baada ya sala."

"Kwa kinywa kile kile."

"Kwa kinywa kile kile."

"Haya, nenda. Mkono usinipe."

*

Ijumaa ile msikiti wa Ruaruke ulijaa. Abdulatifu aliomba ruhusa ya imamu, akasimama safu ya mbele akiwageukia watu, kofia mkononi kama mtoto wa madrasa aliyekosea somo. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yaliyotoka yalikuwa machache. Bwanaheri hakufa ndani ya kifaru. Alikufa chini ya magunia ya unga, kwa mwendo wangu mimi, na kwa cherehani niliyoikuta katika duka la watu. Niliyoyasema hapa miaka yote ni uongo.

Hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane. Mtu mmoja katikati akauliza, kwa kutaka kujua tu, "Kwa hiyo kifaru hujawahi kupanda?"

"Sijawahi."

Kijana mmoja nyuma akatoa kicheko, akakimeza, lakini kilikwisha kutoka. Mwingine akakipokea. Wazee wakawakemea wanyamaze, na Shaabani mwenyekiti akapita mbele yake bila kumtazama, akatoka akavaa viatu vyake juani kwa muda mrefu sana. Abdulatifu alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya watu. Kicheko hakukitegemea, na kwa miaka mingi baadaye, hata akiwa peke yake anapiga randa, kicheko kile kilikuwa kikimrudia ghafla akalazimika kuacha kazi na kufumba macho.

Habari ilifika Kibiti kabla yake. Jumatatu watoto wa shule walipita bandani wakiunguruma kama gari bovu na kupiga honi kwa midomo. Jina la Kifaru lilikufa ndani ya wiki moja. Likaja Latifu Gunia. Abbasi alikuja na mdomo umemshuka.

"Ungeninong'oneza mimi kwanza, fundi. Yule wa hoteli sasa nimwambie nini?"

"Mwambie ni vifaru vya seremala."

"Vya seremala? Vya plastiki anavyo huko huko." Hata hivyo akakaa, akabandua karatasi zake zote moja moja kwa ukucha, na hakumlaumu zaidi. Baada ya hapo aliuza viwili vitatu kwa mwaka, kwa watu waliopenda kazi yenyewe. Vilivyobaki kabatini vikashika vumbi la barabara.

Kifaru cha Bwanaheri, Abdulatifu hakukiuza wala hakukiweka kabatini. Alikitia mekoni siku ile ile aliyorudi nacho. Mkomafi uliungua polepole, na rangi ya Dubai ilitoa moshi mweusi uliomtoa Sikujua jikoni.

Sikujua mwenyewe aliibeba cherehani kichwani, akapanda nayo gari la Ruaruke bila kumwuliza mumewe. Alirudi nayo jioni. Aliyoambiwa huko hakuyasema yote, ila kwamba Bi Mwantumu aliipapasa kama alivyolipapasa lori, akauliza ilishona nguo za nani na nani, kisha akasema, "Ichukue ushone. Siyo iliyoendesha gari." Akashona. Lakini aliihamishia chumba cha nyuma, mlango akaurudisha, na ikachukua miezi kabla hajamwita mumewe kwa jina la Baba Iman bila uchungu ndani yake.

Na Abdulatifu kila mwezi, ikipungua kazi, alikwenda Ruaruke. Hakualikwa. Alisimama nje ya ua akatoa salamu. Bi Mwantumu aliijibu salamu ya dini, kwa kuwa ni wajibu, akaishia hapo. Shikamoo aliyomletea aliiacha ikining'inia mlangoni. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliinamisha vichwa. Naye aligeuza baiskeli akarudi, uso unamwaka, akijua kwamba mwezi ujao atakuja tena kuaibika pale pale.

Idd ya mwaka uliofuata alikwenda kama kawaida, kanzu imelowa jasho mgongoni. Akatoa salamu. Ikajibiwa. Akasema shikamoo mama. Kimya. Alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli, yule binti wa jirani alipotoka na kikombe cha chai juu ya kisahani na vitumbua viwili.

"Bibi anasema unywe kabla hujaondoka. Ndani usiingie."

Aliketi kwenye gogo la kukalia, nje ya ua, mbele ya wapita njia wote waliovaa nguo mpya. Chai ilikuwa ya moto na sukari imezidi. Akala kitumbua cha kwanza, akala cha pili. Ndani alimsikia Bi Mwantumu akikohoa, akiongea na mtu kuhusu chumvi. Alipomaliza alikiosha kikombe kwa maji ya mtungi uliokuwa nje, akakifuta kwa upindo wa kanzu yake, akakiweka juu ya kizingiti palipo salama, kisha akapanda baiskeli yake akaishika njia ya Kibiti.